Dumu Alilolifuata Issa

Jinja, kandokando ya Mto Nile
Jumapili asubuhi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeshafagia uwanja na miguu imepungua kuvimba. Mimi mwili ni mzima, mengine utayasikia humu. Zuhura, mdogo wangu, najua ni wewe unayemsomea Mama. Soma polepole na usiruke neno, hata pale utakapotamani kuruka. Mjomba akiwa karibu mwite, maana yanamhusu.

Mama, ninaandika kwa sababu kwenye simu nimeshindwa mara tatu. Nikisikia tu unaitikia "marahaba mwanangu", mdomo unakuwa mzito. Naishia kukuuliza habari za mikorosho, kisha nakata na kusingizia mtandao. Juzi uliniambia Mjomba anajiandaa kuja huku kuliona kaburi la Issa na kuchukua udongo kidogo aulete nyumbani Kitangari. Mwambie asije. Kaburi hakuna.

Nilikudanganya. Nilisema tumemzika vizuri, nikakutajia hata mti ulio karibu, na wewe ukashukuru. Mwili wa mdogo wangu haukuonekana. Walimtafuta kwa mitumbwi siku tano, ya sita wakaniambia mtu akishafika kule kwenye mawe ya maporomoko hawana tena pa kumtafuta. Nilidhani nakupunguzia uchungu. Kumbe nilikuwa najipunguzia mimi.

Sasa nieleze tangu mwanzo. Miaka hii miwili ninayopika kwenye nyumba ya wageni, nimewasimulia sana mji huu, na Issa akawa haniamini. Alipomaliza kupulizia mikorosho dawa akasema anakuja kutembea wiki mbili, aone kama dada yake ni mwongo. Akakuta si mwongo. Huku kuna korongo wakubwa wenye vipara, wanasimama juu ya mapaa kama wazee wanaosubiri kikao kianze. Tumbili wanaingia hadi jikoni. Mmoja alimpora Issa chapati mkononi, naye akamkimbiza mpaka nyuma ya choo akimtukana kwa Kimakonde, wageni wote wakatoka kuangalia. Nilimpeleka nje ya mji kwenye misitu na maporomoko. Nilimwonyesha pia mahali wazungu wanapofungwa kamba miguuni na kujirusha vichwa chini juu ya mto, tena kwa hiari yao. Alicheka mpaka akakaa chini.

Halafu akawa anayatazama maji tu.

"Dada, haya yote yanakwenda wapi?"

"Misri."

"Na watu wanayaacha tu yaende?"

Tangu siku ile nikawa nakuta bakuli chini ya bomba langu linalovuja, na maji aliyoogea ameyaweka kwenye ndoo ili adekie sakafu. Nilimcheka. Nimeshasahau, Mama, jinsi tunavyohesabu maji huko kwetu, na hilo pia linaniuma.

Siku ya tisa, asubuhi, wageni walikuwa wengi na mimi nimechoka. Nikamkuta kibarazani anachokonoa meno. Nikamwambia, "Mwanaume mzima umekuja kunenepa tu, hata dumu moja la maji hujanichotea." Ulikuwa utani. Bomba lilikuwa linatoa maji. Tumetaniana hivyo tangu wadogo, wewe mwenyewe ulikuwa unatufukuza jikoni kwa kelele. Lakini sauti yangu ilikuwa na hasira ndani yake, na Issa aliijua sauti yangu. Akasema, "Haya bosi." Akachukua dumu la njano, akakata kipande cha mfuko wa plastiki cha kuweka chini ya kifuniko lisivuje, kama alivyokuwa akifanya akipandisha maji kutoka bondeni kwa baiskeli. Hakwenda bombani. Akaenda mtoni.

Yaliyofuata nimesimuliwa na mama mmoja aliyekuwa anafua pale. Anasema Issa alichota nusu, akafunga, akaliweka dumu juu ya jiwe ili arudishie ukanda wa kandambili yake uliochomoka. Dumu likateleza likaanza kuelea. Akalifuata, maji ya magoti, maji ya kiuno. Wanawake wakampigia kelele aliache. Yule mama aliniambia hapa dumu likichukuliwa na maji mtu anasonya, anakwenda kununua jingine. Hakuna anayelifuata.

Nitamwelezaje? Kwetu dumu lenye maji likikuponyoka kwenye mteremko unalikimbilia hata kama utavunjika mguu. Wewe mwenyewe una kovu la goti kwa ajili hiyo. Issa hakufanya ujinga, alifanya kama ulivyotufundisha. Ila hakuwahi kuona maji yanayomzidi kimo, na kuogelea angejifunzia wapi? Yule mama anasema alilipata, akalikumbatia, akageuka kuwatazama wale wanawake akicheka. Kisha miguu ikakosa chini.

Dumu lilionekana siku ya tatu, limenasa kwenye matete huko chini, wakaniletea. Kifuniko kimekaza vilevile, na ndani yamo maji aliyochota kwa mkono wake. Limekaa chumbani kwangu tangu siku hiyo. Nalipita kila asubuhi nikienda kazini.

Udongo sina, Mama, kwa hiyo naleta hili. Atakuja nalo Baba Rukia, dereva wa lori wa Tandahimba, pamoja na barua hii. Nimelifunga kwenye gunia. Aliponiuliza nimebeba nini nikamwambia maji, napeleka kwetu Newala. Alinitazama, kisha akasema atalibeba. Mimi naona yamwagwe pembeni ya kaburi la Baba, mahali ambapo Issa angelazwa. Ninyi wakubwa ndio mtakaoamua.

Nisalimie Mjomba, umwambie namwomba radhi kwa kumfanya ajiandae na safari bure. Nisalimie wifi yangu, mke wa Issa. Habari hii aisikie kwako kabla hajaisikia kisimani. Mwambie mume wake alicheka siku zote tisa. Bibi jirani anayekuchimbia ming'oko porini naye nisalimie, na Zuhura, nakushukuru kwa kusoma.

Msamaha siuombi leo. Nilimtuma kwa utani na nikakuficha kwa uongo, yote mawili ni yangu. Kila Jumapili nilikuwa nakupigia mimi. Sasa sitapiga. Ukiwa tayari kusikia sauti yangu, nipigie wewe, hata kama ni kunitukana tu.

Jambo la mwisho, Zuhura. Dumu likifika liweke chumbani kwa Mama, si uani, na mtangazie kila mtu wa nyumba hiyo. Nawajua. Wakiona dumu lina maji watabandika chai.

Ni mimi binti yako,
Somoe