Pasaka Asbjørn Alipochoma Mwisho wa Kitabu

Sandvoll, Valdres
Jumatatu, 11 Aprili 1994

Mpendwa mpwa wangu Sigve,

Salamu nyingi kutoka huku ambako theluji bado imekalia paa kama mgeni asiyejua kuaga. Natumai wewe, mkeo Lorraine na watoto mu wazima, na baridi ya Winnipeg haijawang'oa masikio. Mimi ni mzima kukuzidi wewe. Alhamisi Kuu nilipanda mlima mpaka kwenye kibanda chetu kwa mbao zangu za theluji, mzigo mgongoni, nikawapita vijana wa Oslo wakihema kama ng'ombe.

Haya, uongo. Nilivutwa na pikipiki ya theluji ya shemeji yangu Asbjørn, nimekaa juu ya kreti la machungwa, blanketi magotini. Lakini kijana mmoja wa Oslo nilimpita kweli. Alikuwa amesimama anakojoa.

Sasa nikwambie kwa nini nimekasirika, maana nimekasirika mpaka meno ya bandia yananicheza.

Pasaka yetu unaijua. Nje jua, ndani tunasoma mauaji. Kitabu kimoja, kwa sauti, kila mtu na sura yake, marufuku kuchungulia mbele. Na kwa kuwa kuni za kibandani hazijapata kukauka tangu enzi za babu yako, kurasa zilizokwisha kusomwa ndizo zinazowashia jiko. Ukifika mwisho, kitabu nacho kimekuwa moshi.

Mwaka huu kitabuni tulikuwa na Inspekta Runa Halse, mwanamke wa kaskazini anayekula samaki wa kopo akiwa wima, hapokei simu, na aliyemfunga jela mwanawe wa kumzaa. Watu wanauawa mmoja mmoja kandokando ya fiodi, ule mkono wa bahari kati ya milima, giza mchana kutwa. Muuaji ni mfamasia, tunaambiwa katikati ya kitabu. Mimi nikadhani shughuli imekwisha, kumbe mke wangu Borghild ndiyo kwanza anakaa vizuri.

Nikamuuliza anapenda nini kwenye maiti zote hizo.

"Maiti za nini? Mimi namtaka huyu mama," akasema. "Kimya kama sisi, ila yeye tunaruhusiwa kuingia ndani yake. Wewe ulinioa ujanani, na mpaka leo nimeishia barazani."

Iliniuma, kwa sababu ni kweli. Sisi watu wa huku tunaweza kumla kondoo mzima wa Pasaka bila kusema zaidi ya "sogeza chumvi". Mpaka mtu auawe ndipo tunaulizana ulikuwa wapi na ulimpenda nani.

Sura ya kabla ya mwisho ikaishia hapa: mwanawe Runa ametoka jela, yuko nje kwenye baridi anagonga mlango, na Runa ameketi sakafuni jikoni, mabuti yamelowa chapachapa, hainuki. Sura ya mwisho ilikuwa zamu yangu, asubuhi ya Jumatatu ya Pasaka.

Asbjørn akaamka wa kwanza.

"Umewashia nini?" nikamuuliza.

"Karatasi za kitabu. Si ndiyo kawaida?"

"Kawaida ni za mbele, pumbavu wee! Umechana za nyuma!"

"Kilikuwa kimelala kifudifudi, na miwani sikuwa nayo. Unapiga kelele za nini? Kahawa tayari."

Kahawa iliyochemshwa kwa mwisho wa kitabu, Sigve! Na akainywa, akaongeza cha pili, mbele yangu.

Nifanyeje? Borghild alikuwa amejilaza dirishani ananisubiri. Nikashika lile gamba la kitabu, nikajikohoza, nikasoma hewa. Nikasema Runa alikimbilia mlango, akamkumbatia mwanawe, akalia, akamwambia hakuna siku iliyopita bila kumuwaza.

"Funga kitabu," Borghild akasema.

"Mbona nimeanza tu?"

"Runa hawezi kusema hayo hata umchome kisu. Huyo mlialia ni wewe. Kurasa ziko wapi?"

Asbjørn akatazama jiko. Ikawa basi.

Nilitegemea Borghild atatutukana. Hakututukana. Alisema, taratibu kabisa, kwamba bila mwisho huo na yeye hospitali haendi. Unajua katikati ya Mei anapasuliwa moyo Oslo, na daktari amesema bila upasuaji huo vuli hataiona. "Wakinilaza pale mezani nisiamke," akasema, "nitakufa mtoto wa watu yuko nje anagonga."

Hajawahi kuniambia kwamba anaogopa. Hata siku ile alipoambiwa ugonjwa wake alirudi nyumbani akamenya viazi. Nilitoka nje nikapasua kuni mbichi kwa hasira mpaka Asbjørn akaja kuninyang'anya shoka.

Nina hasira na Asbjørn. Nina hasira na huyo mwandishi, angemfungulia mtoto mapema akala chakula cha moto. Duka la vitabu la bondeni nakala zimekwisha, Oslo zimekwisha, maktaba ina foleni mpaka mavuno. Mchapishaji ananiambia, "Labda vuli, mzee." Vuli! Nilimjibu neno ambalo mama yako Oddny hapendi niliandike.

Nimsalimie nani huko? Msalimie Lorraine, watoto, na yule jirani yako anayejifanya Mnorwe. Mama yako anakusalimu, Asbjørn naye anakusalimu, ingawa sijamruhusu. Mungu awalinde, awape afya, na kuni kavu.

Sasa sikia. Nakala yako unayo, uliondoka nayo Krismasi. Siku ile gari la marehemu baba yako lilipokutwa mtoni, nilisema dereva alikuwa mimi, si wewe. Baba yako amekwenda kaburini akiniita mlevi, na sijakudai kitu. Leo nadai. Toa fotokopi ya sura ya mwisho, uitume kwa ndege wiki hiihii. Usinipigie simu kunisimulia. Borghild hataki habari, anataka maneno yenyewe. Na kama Runa hakumfungulia, usinitengenezee. Tuma vilevile.

Ni mimi mjomba wako, nikupendaye hata nikiwa na hasira,
Eilert