Rejeta Iliyovalishwa Nguo

Nyumbani,
Kando ya banda la trekta.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Kaka,

Salamu tele. Hujambo? Na wifi, na wale watoto ninaowajua kwa picha tu, wazima? Huko baridi imepungua? Sisi tu wazima, ila mimi kichwa kinaniuma, na anayekiumiza ni baba yako. Leo namwita baba yako, si wangu.

Ile rejeta kubwa ya kupoza injini uliyotutumia kwa ajili ya trekta ilifika salama, na feni yake. Fundi akaitoa ile kuukuu iliyokuwa ikivuja kila mahali, akafunga mpya, akawasha injini. Ikanguruma bila shida. Tukashangilia, tukajua mwaka huu tutalima kabla ya mvua, si kama mwaka jana tulipochelewa tukavuna mabua.

Kesho yake nikaingia shambani. Sijafika mbali, mshale wa joto uko juu, mvuke huo! Nikamwita fundi. Akaja, akaiwasha, poa kabisa. Akaondoka, ikachemka. Akarudi, akabadilisha mipira ya maji, haina neno. Mwishowe akaanza kuniangalia mimi, eti nakanyaga mafuta kama nina ugomvi nayo. Kaka, nusura nimrushie spana!

Jumatatu nikafungua wavu wa mbele mwenyewe. Lahaula! Rejeta imevaa nguo. Baba ameishonesha kwa fundi cherehani, turubai zito, na vifungo juu. Fundi wa trekta akija, mzee anaivua. Akigeuza mgongo tu, anaivalisha. Upepo upite wapi? Nilipomuuliza akanijibu bila haya, "Vumbi litaichafua."

Nikapandisha hasira. Nikamwambia mawingu yale pale, shamba halijalimwa, tutakula rejeta? Akaniacha nimalize, kisha akasema polepole, "Mwanangu akija, aikute ingali mpya."

Miaka yote hii, Kaka, mzee bado anakungoja. Hasira hazikuniisha, zimehamia kwako.

Nguo nimeivua. Shamba la chini nimelimaliza jana, la juu nalianza kesho mvua ikituvumilia. Rejeta imejaa vumbi, na baba kila jioni anaipangusa, moyo unamuuma. Usitutumie kitu kingine. Njoo wewe.

Mama mdogo na shangazi wanakusalimu sana. Mungu akulinde, akujalie na akili ya kukata tiketi.

Dada yako akupendaye, ingawa leo kwa shida.