Mchanga wa Mkondoa

Nyumba ya Wageni,
Mikumi.
14 Septemba 1997

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini umeamka vizuri, na kwamba kifua cha Mama kimepata nafuu tangu vumbi la Agosti lilipotulia. Mwambie dawa alizoandikiwa azimalize hata akijisikia mzima. Mimi mwili hauna neno, ila chakula hakipiti vizuri, na sababu utaiona mbele.

Anayekukabidhi barua hii ni Mzee Mwinshehe, mpishi wetu, mwenzako wa kazi enzi za shirika la umma, ambaye ulimwomba anipokee nilipoanza kazi hapa. Mpe maji ya kuoga, na ale. Habari za kazi usimwulize mpaka umalize kusoma.

Nilikuandikia kwamba shirika lilipoiuza nyumba hii, kati ya watu kumi na tisa tulibaki sita. Mwezi wa saba ikasemekana wawili zaidi watapunguzwa. Mimi ndiye niliyeajiriwa mwisho, kwa hiyo kila meneja, Bwana Wenceslaus, alipopita verandani, nilijua amekuja kuniambia nimepunguzwa.

Mwezi huohuo binti yake Lightness, mtoto wa miaka tisa aliyelelewa ng'ambo, alikuja na mjusi wa kufuga: mnene, wa manjano, mwenye madoa ya chui. Alipopelekwa shule ya bweni Morogoro alimwacha mapokezi katika sanduku la kioo, akanikabidhi mimi karatasi ya maelekezo aliyoikunja mara nne. Aliandika kwamba mjusi atandikiwe magazeti tu, na chini akapiga mstari mara mbili: asiwekewe mchanga, ataumeza.

Mzee Mwinshehe ndiye aliyemkamatia panzi. Alimwita Mheshimiwa, kwa kuwa alikula kabla yetu sote. Alituchekesha jikoni akisema kwamba utotoni, katika chuo cha Kurani, waliambiwa ukimuua mjusi kwa pigo moja unaandikiwa thawabu, na sasa uzeeni anamlisha, basi malaika wake anafuta tu.

Mwezi wa nane tukaambiwa wenye kampuni wanakuja kutukagua. Magazeti yalikuwa yamelowa na kuchafuka. Mimi nilikumbuka masomo ya jangwa, nikajiambia mtoto wa miaka tisa hawezi kunifundisha jiografia. Nilimwagiza dereva mchanga wa Mto Mkondoa kutoka Kilosa, nikauchekecha, nikauanika, nikaumwaga katika sanduku na kupanga mawe. Ulipendeza, Baba. Wageni waliusifia, na Bwana Wenceslaus akanishika bega mbele yao.

Baada ya wiki mbili Mzee Mwinshehe aliniambia, karani, Mheshimiwa wako anameza mchanga pamoja na panzi, na tumbo limekuwa gumu kama kokwa. Nilimjibu kwamba huyo ni mnyama wa jangwani, anajua mwenyewe. Alicheka, akasema kwamba basi mimi ndiye niliyesoma. Kesho yake alinionya tena kuhusu tumbo lile, wala hakucheka.

Jumanne asubuhi tulimkuta mjusi amekufa. Bwana Wenceslaus alituita wote mapokezi, akauliza nani amemlisha sumu mnyama wa mwanawe. Timotheo wa bustani, nadhani bila ubaya, akataja yale maneno ya thawabu. Mzee Mwinshehe aliulizwa kama aliyasema. Akajibu ndiyo, aliyasema kwa utani. Kisha akanitazama, akingoja niseme habari ya tumbo. Nilitazama viatu vyangu. Nami niliulizwa kama mtoto aliacha maelekezo yoyote. Nikasema hakuacha.

Barua ya kumwachisha kazi Mzee Mwinshehe niliipiga chapa mimi. Unajua anasoma Kurani, lakini herufi zetu hazijui, hivyo aliniomba nimsomee. Nilipofika palipoandikwa kwamba ni mtu katili, niliruka.

Niliagizwa kumzika mjusi. Nyuma ya jiko nilimpasua kwa wembe. Tumboni mlikuwa na mchanga umeshikana, mgumu kama risasi. Niliijua rangi yake, maana niliuchekecha kwa mikono hii.

Nimesimama mlangoni kwa meneja mara tatu, na mara tatu nimegeuka.

Leo asubuhi Mzee Mwinshehe alikuja na mfuko wake, akaniomba nikuandikie umtafutie kazi ya jikoni pale hospitalini Berega. Anaamini hiyo ndiyo barua anayoibeba. Amekaa kwenye benchi nje ya dirisha langu. Nilipomwomba radhi kwa kumchelewesha, alisema niandike taratibu, barua ndefu ina heshima.

Baba, mwite akae karibu yako, umsomee yote kwa sauti. Usiruke kama nilivyoruka mimi. Karatasi ya Lightness nimeitia humu, mistari yake miwili inaonekana. Mpe mkononi. Akitaka kurudi nayo kwa Bwana Wenceslaus, umpatie nauli, na usimwombe anionee huruma kwa ajili yako. Atanikuta mezani kwangu. Akitaka kubaki Berega, hiyo kazi umwombee kweli, kwa maana mpishi mwaminifu kuliko yeye sijamwona.

Msalimie Mama, na umwambie mwenyewe, kwa namna utakayoona inafaa. Wadogo zangu wasiambiwe kwanza.

Amesimama, anakung'uta kofia yake. Naifunga bahasha.

Mwanao,
Nickson Stefano