Mama, mkungu wa ndizi na ndege ya Dar

Jumamosi, Julai. Mlima Meru haujaonekana tangu asubuhi, na baridi ya leo haina adabu.

Nimemsindikiza mama uwanja wa ndege, KIA. Nyumba imepoa ghafla.

Mdogo wangu Neema amejifungua kwa upasuaji huko Dar, mtoto wake wa kwanza. Mume wake ni mtu mzuri ila jikoni ni mgeni. Na kwetu mzazi analishwa mtori, ule mchuzi mzito wa ndizi na nyama, na mama yake, basi. Lakini mama akikaa kwenye basi kutwa nzima miguu inavimba, ndiyo maana tukamkatia tiketi ya ndege. Hajawahi kupanda. Wiki nzima amekuwa akitafuta sababu ya kutokwenda, mara ng'ombe, mara kwaya.

Jana akaniuliza Dar ni mbali kiasi gani. Nikamwambia kwa ndege ni kama saa moja tu. Hakuridhika, maana mama hupima muda kwa chungu.

"Maharage yanakuwa yameiva?"

"Bado, mama."

Niliona wazi hakuniamini.

Kichekesho ni kwamba kwake Nkoaranga ni karibu zaidi na KIA kuliko kwangu mjini, Sokon One. Ningempitia tu njiani. Akakataa kata kata, eti msafiri wa ndege anaanzia mjini, akaja kulala kwangu. Kwa hiyo leo tumepita tena njia panda ya kwake, na hapo ndipo akasema anashuka, anarudi nyumbani. Nikamshika mkono, nikamwambia dereva asisimame.

Uwanjani mzigo ukazidi kilo. Ni mkungu wa mshare, ndizi za mtori, mbichi, aliokata mwenyewe. Nikamwambia aziache, Dar ndizi zipo. Akaniangalia kama nimemtukana. Akafungua begi mbele za watu, akatoa vitenge, viatu vya kanisani na sweta, akanikabidhi vyote. Ndizi zikabaki ndani ya begi.

Baada ya hapo hakusema tena kwamba anaogopa. Akaingia ndani bila kugeuka, nami nikalia nyuma ya nguzo kama mtoto wa chekechea.

Nampenda sana huyu mwanamke.

Nikasubiri mpaka ndege iruke. Wakati wa kurudi, Tengeru ilikuwa siku ya soko, gari halisogei. Nikiwa hapo hapo, nguo za mama mapajani, simu ikaita.

"Mwanangu, ni kweli, maharage yangekuwa bado. Nimeshafika, baba mtoto huyu hapa amebeba ndizi. Na wewe umefika nyumbani?"

Nilikuwa bado hata sijaliona jiji.

Jioni hii Neema ametuma picha. Bakuli la mtori tupu, mtoto amelala, na mama pembeni ndani ya gauni la Neema linalombana. Mimi nimevaa sweta lake, linanukia moshi wa jikoni kwake.

Ni saa moja tu kwa ndege, nilimwambia mwenyewe. Sasa mbona nimebandika maharage na naona hayaivi?