Sauti Nzito ya Sandukuni

Ngombezi, Korogwe
12 Septemba 1974

Dada yangu mpendwa Zamda,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe, shemeji Mbwana na watoto. Mimi mwili haujambo, ila chakula hakipiti. Nampa utingo wa basi akufikishie mkononi. Tafadhali isome peke yako kwanza.

Utakumbuka redio yangu iliyokuwa ikikoroma kama ina mafua. Uwezo wa kununua nyingine sina. Nikaichomoa spika, nikaifunga kwenye sanduku la mbao lililotupwa, la majani ya chai. Ndani nikajaza mabaki ya katani kutoka kiwandani, nyufa nikaziba kwa nta, kisha nikaliinua juu ya matofali, kwenye kona ya chumba. Betri zikichoka nazianika juani. Dada, sauti ikatoka nzito na safi, ngoma unazisikia kifuani! Kambi nzima ya wafanyakazi ikawa inakuja kusikiliza.

Ndipo akaja bwana mmoja wa mambo ya kuhamishia watu vijiji vipya. Alisikiliza wimbo mpaka mwisho, kisha akauliza kama sanduku linapakizika kwenye lori. Alisema huko Handeni watu wamechoka kuitwa mikutanoni, lakini kwenye muziki watakuja.

Jumatano ya wiki iliyopita tukaenda, na kituo kilikuwa kijijini kwetu, uwanjani, mbali kidogo na nyumba. Unajua baba alivyokataa kuhama, akisema hawezi kuyaacha makaburi ya wazazi wake. Niliposhuka na sanduku alinishika mkono mbele za watu, akaleta kiti chake, akakaa mbele kabisa. Wanakijiji walikuja karibu wote, hata yule mfugaji Koisaba na mkewe Naanyu. Baba aliniuliza katani inafanya kazi gani mle ndani. Nikamweleza kwamba inatuliza sauti isigonge-gonge kwenye mbao. Akacheka, akawageukia wenzake akiwaambia kuwa huyu ni mwanawe.

Ilipofika saa tano asubuhi Naanyu akasimama, akasema anasikia harufu ya moshi. Bwana yule akaniashiria niongeze sauti. Nikaongeza.

Watu walipokimbilia majumbani, mapaa yalikuwa yameshaungua. Vyombo vilikuwa vimetolewa nje, vinangoja lori. Sasa baba yuko kijiji kipya, kwenye kibanda cha mabua. Juzi nilipokwenda kumwona, yeye ndiye aliyenipa pole, akasema wamenitumia bila mimi kujua.

Dada, nilijua. Bwana yule aliniambia tukiwa bado njiani kwamba kazi yangu ni kuwashikilia watu pale mpaka mgambo wamalize. Niliogopa kukataa. Na haki ya Mungu, nilitaka pia baba alisikie sanduku langu. Sijapata mdomo wa kumwambia.

Jumatatu lori linakuja kwenu, vitongoji vya juu ya Mkumbara. Niliwaambia sanduku limeharibika. Wakalichukua, wakampata mtu mwingine wa kuliendesha. Linalia vizuri tu. Mkisikia muziki asubuhi, hata uwe mtamu namna gani, msiende. Toeni nafaka na nguo mapema, na shemeji asibanduke mlangoni.

Nisalimie watoto, na mama mkwe umpe shikamoo yangu. Kama baada ya kusoma haya hutaki kunijibu, nitaelewa.

Ni mimi mdogo wako,
Rehani Sadala