Kifuniko ya muntu mumoja

Kasungami, Lubumbashi

Yaya wangu Bernadette,

Mbele ya yote uniambie, mama yetu anaamuka namna gani? Magoti yake inamuachilia kidogo, ama ile upepo ya ziwa ingali inamutesa? Na weye, kikohozi ya moshi ya samaki ilikwisha? Kifurushi yenye ulituma ilifika muzuri. Kichwa ya ile samaki mukubwa nilikula miye mwenyewe, mulango imefungwa, na batoto ya jirani banaita inje. Sisi huku tuko wazima. Mahindi ya shamba imeingia yote mu nyumba, na kwa bunga ya bukari sitapiga magoti mbele ya muntu mwaka huu.

Barua hii anakuletea shofere ya kamio ya samaki. Sikutaka kusema mu telefone, juu telefone yenu kila muntu mu kiwanja anaisikilizaka, na tena najua Odile alikwisha kupiga. Odile mulamu wangu, dada ya bwana yangu, nani mwingine? Anasema nilitaka kumuua na baridi ku njia ya misioni. Nimesikia bakubwa ya jamaa yabo kule kwenu Pweto banataka kukaa juu yangu, kunihukumu. Basi weye njo utakaa pale kwa nafasi yangu, na unapashwa kujua mambo kutoka kwa muntu mwenye alilala muzuri. Odile hakulala. Kichwa yake ilikuwa inazunguka, atakumbuka nini sawasawa?

Unajua sisi bamama ya parokia, kila mwaka wakati ya baridi tunatembeaka na miguu mpaka ku misioni, mizigo ku mugongo, na tunalala ku njia, mu pori. Sheria yetu ni moja: tunatembea babili babili. Mumoja anabeba sufuria na bunga, mwenzake anabeba mukeka na kifuniko. Mwaka wenye kufuata munabadilisha. Chakula ni ya babili, kifuniko ni ya babili, na hakuna kumukatalia mwenzako. Miye Mama Prezidente, mukubwa ya kikundi yetu, alinipa Odile, juu tuko jamaa.

Mwaka yenye ilipita, blanketi ilikuwa zamu ya Odile. Tulipolala, akajizungusha nayo yote, akabakisha pua tu. Miye nikabaki na kikwembe ya kujifunga ku kiuno. Nikavuta kidogo. Unajua alisema nini? «Mama Clarisse, acha bantu balale! Weye mafuta yako iko inakutosha.» Bamama bote bakacheka. Miye nikatetemeka mpaka jua ikatoka.

Nilirudi Lubumbashi na kifua imeziba. Munganga akanilalisha ku hospitali. Na ile juma, yaya, ile juma yenyewe, njo bantu ya universite ya Kasapa balimutangaza Clarisse kama amemaliza masomo.

Mutoto wangu! Jeologe! Muntu mwenye anashika jiwe mu mukono na anakuambia ndani yake iko na nini. Nilikuwa nimeshonesha kikwembe ya rangi ya dhahabu. Nilikuwa nimenunua pudre ya kumumwangia ku kichwa, sawa vile tunafanyaka kwa batoto benye bamemaliza. Nani alienda? Odile. Alifungua sanduku yangu, akavaa kikwembe yangu, akakaa ku kiti ya mama. Jina ya Clarisse ilipoitwa, yeye njo alisimama na vigelegele. Bantu bakamumwangia naye pudre, bakamuambia: «Mama, pongezi! Ulizaa mutoto!» Akaitika, yaya. Aliitika! «Asante, asante, Mungu njo alinipa.» Yeye na batoto banne, na hakuna hata mumoja mwenye alipita mulango ya Kasapa, isipokuwa ule mwenye anauzaka mikate pale.

Na foto balipiga. Clarisse mweupe na pudre, Odile mweupe na pudre, na meno yote inje. Bwana yangu aliitundika mu salon. Nikasema: «Baba Clarisse, ile foto itoke.» Akajibu: «Ni dada yangu, na ni mutoto yangu. Kuna ubaya gani?» Basi kila asubuhi ninakunywa chai mbele ya meno ya Odile. Bageni banaingia, banauliza: «Huyu njo mama yake?»

Nikanyamaza. Unanijua tangu udogo wetu: nikilia, bantu balale; nikinyamaza, bafunge milango.

Mwaka huu kifuniko ilikuwa zamu yangu.

Clarisse sasa anatumika, banamutuma mu pori kutafuta mawe, na anazoea kulala mu hema. Nilipomuambia safari ya bamama iko karibu, akaniletea sakado yake ya kubeba ku mugongo na ile gunia ya kulalia yenye bajeologe banatumiaka. Ndani ni laini sawa kifaranga, na iko na fermetire, zipu ya kukufunga mpaka ku kidevu. Akanifundisha yote. «Mama, baridi mubaya haitoki juu, inatoka chini. Utafute majani makavu ya kutia chini ya mukeka. Usilale na nguo ya jasho. Soksi kavu, kofia ku kichwa, na ukule ushibe, juu tumbo ya njala haitoaki moto.» Mutoto anafundisha mama yake kulala! Nilisikia utamu mpaka machozi.

Odile akaja na sufuria, bunga, na sweta moja ya kuonyesha mabega. Hakuuliza kifuniko. Atauliza nini? Sheria anaijua. Tulitembea muchana muzima, vumbi mpaka mu meno, miguu inawaka. Jioni akapika bukari, na nisiseme uongo, ilikuwa bukari muzuri. Nikakula mpaka nikalamba vidole. Kisha nikakata majani, nikatandika nene, nikaweka mukeka, nikavaa soksi na kofia. Bamama bananiangalia sawa banaangalia askofu akivaa kwa misa. Nikatoa gunia yangu.

«Blanketi iko wapi?» Odile akauliza.

«Njo hii.»

«Hii gunia?»

«Gunia ni ya makala ya kupikia, mulamu. Hii ni ya jeologe.»

Nikaingia, nikavuta fermetire. Mwili yangu unaijua, Mungu hakunibania. Nafasi ikaisha.

«Na miye?»

«Ingia. Sheria ni sheria, siwezi kukukatalia. Unaona nafasi, ingia.»

Akajaribu mukono kwa shingo yangu. Akajaribu mguu. Nikasema: «Pole pole, utanivunja mbavu, na mbavu za kifua hii unazijua.» Bamama bakaanza kucheka, lakini safari hii mwenye kuchekwa haikuwa miye.

Mama Prezidente akaja na tochi. «Mama Clarisse, ulijua kama hii kintu ni ya muntu mumoja?»

«Prezidente, miye nilisoma kidogo tu. Mutoto njo alisoma. Alinipa, nikapokea.»

Odile akaenda ku moto. Kuni ilikuwa mbichi, inatoa moshi tu. Akarudi anakohoa, akapiga magoti karibu na kichwa yangu.

«Mama Clarisse, ninakufa.»

«Nani?»

«Miye, Odile.»

«Odile gani? Odile mwenye ninajua iko ku foto, na ni mama ya Clarisse. Mama ya Clarisse, mutoto yake alimupa gunia. Tafuta yako mu mizigo.»

Nilisikia meno yake inapigana, ile meno ya foto. Yaya, hakuna nyimbo yenye ilikwisha kunifurahisha vile.

«Odile, nani alizaa Clarisse?»

«Tuache mambo ya…»

«Lala salama.»

«Ngoja! Ni weye,» akasema chini chini.

«Sikusikia. Kofia inaziba masikio.»

Basi akasimama katikati ya bamama benye balikuwa bamelala, akapiga kelele na sauti yake yote: «Ni weye! Ni weye ulimuzaa! Miye nilivaa tu kikwembe!» Bamama bakaamuka, na bengine, bila kujua ni mambo gani, bakapiga vigelegele. Moja tu ya ile vigelegele ingetosha, lakini nilipokea yote.

Prezidente akasema: «Mama Clarisse, amesema. Umufungulie.» Nikajibu: «Nafasi haikuongezeka, Prezidente.» Yeye mwenyewe akamuita Odile, akamulalisha ku miguu yake, chini ya ncha ya blanketi yake. Kwa hiyo bale benye banasema nilimuua, ubaambie: alilala sawa mbuzi, lakini mbuzi muzima.

Na miye? Yaya, nililala. Sikuota kintu. Nililala sawa mutoto mwenye amenyonya, na asubuhi ndege njo walinivuta masikio. Miguu ilikuwa mupya. Nikatembea mbele ya bote, ninaimba, na Odile nyuma na sufuria yake. Ku misa akasinzia mpaka paji la uso likagonga benchi, kanisa yote ikageuka. Nikamuombea.

Sasa Baba Clarisse anasema niombe musamaha mbele ya bakubwa. Weye utajibu hivi: Mama Clarisse yuko tayari. Lakini ile foto itoke kwanza ku ukuta, na Odile mwenyewe njo aitoe, na mikono yake. Kisha Clarisse na miye tutaenda kupiga ingine, na kikwembe yangu, na pudre yangu, nayo imebaki mu kopo, haijafunguliwa. Wakikataa, nitakunywa chai yangu na nitangoja baridi ingine.

Na hii sasa, usimusomee muntu, labda mama peke yake. Ile fermetire haisimami ku kiuno. Inazunguka mpaka ku miguu, na ukiifungua yote, gunia inakuwa blanketi kubwa, bantu batatu banaenea. Clarisse alinionyesha siku ile alinipa. Ile foto ikitoka, nitafungua gunia yote, na Odile atalala ubavuni mwangu mpaka asubuhi, ni mulamu wangu, nitamufunika hata miguu. Mbele ya pale, hapana.

Unisalimie mama sana, umupashe magoti moto na majani. Salamu kwa shemeki, bwana yako, umuambie nyavu zake zijae. Salamu kwa marraine ya Clarisse, mama yake ya ubatizo, yeye alikuwa pale siku nilizaa, na aje kwa kikao, aseme. Salamu kwa katekiste muzee mwenye alinifundisha hizi herufi. Aone zinatumika kazi gani.

Ninakukumbatia na mikono yote miwili.

Mudogo yako,
Mama Clarisse, ule mwenye alimuzaa