Mpini wa Mpera wa Koko Echata

Mutsamudu, Nzwani

Kwa Mama yangu, Wete,

Shikamoo Mama. Kabla hujasoma mbele kaa kitako, maana najua umeshashtuka kwa jina la mji hapo juu. Mimi mzima, nimekonda kidogo tu, na hilo halikuanza leo. Wewe je? Goti limetulia? Na kikohozi cha Kaka Hamadi kimepoa, au bado analamba asali huku anavuta sigara? Nijibuni yote, msinifiche kwa kuwa niko mbali.

Barua yako ya kunitaka nirudi niliipata Moroni, wala sikuidharau. Nilishaanza kufunga mizigo, mambo ya siasa yakanitangulia. Tangu Nzwani ijitangaze kuwa imejitoa katika umoja wa visiwa, watu wa Nzwani waliokuwa Moroni walitazamwa kwa jicho la pembeni, na mwisho pale mtaani kwetu Magoudjou wakaanza kuambiwa waziwazi warudi kwao. Mmoja wao ni Koko Echata, yule bibi niliyepanga kwake tangu biashara yangu ya kanga pale soko la Volo Volo ilipolala. Koko ndiyo bibi kwa lugha ya kwao; Kiswahili alikipata Unguja, usichanani. Ameishi Moroni miaka thelathini, na pahali pengine alipo napo duniani ni hapa Mutsamudu, kwenye nyumba aliyojengewa na mama yake. Huku nyumba ni ya mwanamke, Mama. Mume huja kuishi kwa mkewe. Kaka Hamadi asisomewe hapo.

Kazi yake sikukueleza sawasawa, niliogopa utasema nimepanga kwa mwizi. Koko hufungua vitasa na makufuli yaliyopotelewa na funguo. Mafundi wanaume wapo, lakini mwanamume haingii ovyo chumbani kwa mke wa mtu kufungua kasha lenye dhahabu za harusi. Basi huitwa Koko. Vyuma vya kufungulia huvitengeneza mwenyewe, vyembamba kama unyasi, na mimi nimejifunza kwake. Lakini chuma si kitu. Kitu ni mpini. Mipini yake ni ya mpera, vipande viwili vinavyokibana chuma huku na huku, vimeshikwa kwa ribiti, yaani vipande vya waya wa shaba vilivyogongwa vichwa pande zote mbili. Kwenye kiganja mpini umenenepa, pale kinapokaa kidole gumba ameupunguza sana. Wangu wa kwanza niliuchonga mnene, nikaona ndio wa kushikika. Aliupima mkononi, akacheka.

“Huu wa jembe, mwanangu. Mpini mnene huziba masikio ya mkono.”

Maana yeye husikia kwa vidole, Mama. Macho yameingia mtoto wa jicho, uzi hautungi tena, lakini akiushika mpini ule atakwambia kutu ya kitasa iko wapi. Mikono kama ile sijapata kuiona.

Siku ya kuondoka tulisikia kwamba bandarini mizigo inapekuliwa. Mwanamke wa Nzwani na vyuma vya kufungulia milango ya watu, angejieleza vipi? Koko akashika koleo, akakata ribiti zote, vyuma akavitupa chooni, mipini akaichanganya na miiko ndani ya kikapu. “Chuma kiko kila mahali,” akaniambia. “Mipini hii tumeshazoeana.” Kijana aliyepekua aliigeuza geuza, akairudisha. Nami nilikuwa nyuma yake na mzigo wangu. Wewe ungeweza kumwacha bibi wa macho yale apande meli peke yake? Usingeweza, na mimi ni mwanao.

Tumefika, mlango umefungwa. Ufunguo anao mdogo wake Koko, naye kavuka kwenda kisiwa cha Mayotte, hajulikani hata yuko mtaa gani. Binamu yake Koko, Mzee Ali, aliyekuwa mpakuzi wa mizigo gatini, akaja na shoka. Majirani wakajaa kichochoroni. Koko akasimama mbele ya mlango.

“Ali, mlango huu kaniwekea mama yangu. Nikiuvunja, nimeingia kama nani?”

“Kama mtu aliyechoka, dada.”

“Kuchoka nimechoka. Lakini mwenye nyumba ni mimi.”

Mzee Ali akampa muda mpaka alasiri. Baada ya hapo, alisema, atavunja yeye na lawama abebe yeye, kwa sababu hawezi kumwona dada yake analala barazani. Na madukani hapakuwa na hata msumeno wa chuma tuuchonge uwe cha kufungulia, kisiwa kimezuiliwa bidhaa. Hata hivyo ni yeye Ali aliyetupa waipa ya gari lake, lililolala kwa kukosa petroli. Ndani ya mpira wa waipa mna vyuma viwili vinavyonyumbulika. Viwili tu.

Ili ribiti ipite, chuma hicho hutobolewa mkiani, na hakitoboki mpaka mkia uchomwe ulainike. Ncha hufungwa kitambaa kibichi isipate moto. Nilikuwa nayajua yote hayo. Lakini watu walikuwa wananitazama, nami nikataka waone ufundi, kitambaa nikakisahau. Moto ukapanda mpaka nchani, chuma kikalainika chote, ukikikunja hakirudi. Mama, nililia mbele za watu. Mzee Ali akaliokota shoka lake taratibu.

Koko akanyoosha mkono nimpe kilichoharibika. Akakipapasa, akakipinda ncha. “Cha kuzungushia hiki hapa,” akasema. “Tulikuwa tunakihitaji. Sasa tengeneza cha kuinulia.” Kitasa hutaka vyuma viwili, kimoja kukizungusha, kingine kuinua vijipande vya ndani, na cha kuzungushia hakidhuriki sana kwa ulaini. Hakunigombeza hata kwa uso.

Safari hii kitambaa nilikilowesha mara mbili. Nikatoboa, nikakilaza chuma katikati ya mpini wake wa zamani, nikapitisha waya wa shaba, nikagonga kidogo kidogo mpaka kichwa cha ribiti kikatandaa. Nikatikisa, hakikucheza. Koko akaupitisha mpini shavuni kusikia kama kuna kinachokwaruza, kisha akachuchumaa mlangoni.

Alichuchumaa mpaka akachoka, nikamshika kiuno. Hakuna jirani aliyeondoka. Mwadhini alikuwa ameshaanza adhana ya alasiri kitasa kilipogeuka. Vigelegele vya majirani ungevisikia huko Wete! Mzee Ali alifuta macho, akasema vumbi. Koko akavua ndara, akatanguliza mguu wa kulia, akaitolea salamu nyumba tupu.

Leo ni siku ya nne tunafagia. Koko hakujaliwa binti. Amenionyesha chumba cha upande wa bahari, akasema, “Ni chako, mama yako akiridhia.” Sijamjibu. Sikuweza kusema ndiyo juu ya kichwa chako. Ukisema rudi, nitapanda chombo cha kwanza, na sitanuna. Lakini ningependa useme kaa.

Nisalimie Kaka Hamadi na mkewe mvumilivu, Shangazi muuza vitumbua, na mwalimu wangu wa chuoni, mwambie vidole alivyovichapa vimepata kazi. Usikawie kujibu, Mama. Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako!

Koko amekaa hapa ubavuni, anataka neno lake liandikwe kama lilivyo: “Bi mkubwa wa Wete, mkono wa mtoto huyu umetoka kwako. Mimi nimeutia mpini tu.”

Mwanao anayekungoja,
Rukia